Kabla ya Kuagiza Spea, Ujue Ukoo wa Gari Lako

Gari langu ni Toyota Corolla Fielder ya mwaka 2014. Mwaka jana lilianza kugonga mbele kushoto, kwanza kwenye matuta tu, baadaye hata kwenye vishimo vidogo vya barabara ya kwenda Mtwapa. Fundi wangu wa Bombolulu, Mombasa, akaliinua kwa jeki, akatikisa gurudumu, akaniambia bushi (mipira) za mikono ya chini, yaani vile vyuma vinavyoshikilia magurudumu ya mbele chini ya gari, zimekwisha pande zote mbili na ni heri nibadilishe mikono mizima. Nikapigia simu duka moja la spea Nairobi, nikasema nataka mikono ya chini ya Fielder. Nikatuma shilingi 8,500, mzigo ukaja na basi la usiku.

Asubuhi fundi akafungua mkono wa zamani, akaulaza sakafuni sambamba na ule mpya. Hapakuwa na haja ya maneno. Matundu ya bolti hayakulingana, na hata umbo la chuma lilikuwa jingine.

"Kaka, hii yako ni 161," akaniambia. "Hizi ni za 141." Alimaanisha vizazi viwili tofauti vya Fielder.

Nikampigia muuzaji nikiwa nimepandwa na hasira. Akanijibu kwa upole kwamba niliomba mikono ya Fielder, na hiyo ndiyo mikono ya Fielder. Sikuwa na jibu. Nilikaa pale gereji hadi adhuhuri nikimsikiliza fundi, na tangu siku hiyo nimelifuatilia jambo hili kwa bidii, maana naona watu wengi wanapoteza pesa kwa kosa lile lile.

Kampuni ya magari haibuni kila gari upya kuanzia chini. Hubuni kwanza kile wanachokiita platifomu: sakafu ya gari, mahali injini inapofungwa, sehemu magurudumu na shokomzoba zinaposhikilia bodi, mpangilio wa stelingi na pedali. Juu yake ndipo wanapojenga magari kadhaa yenye sura na majina tofauti. Ukitaka kuielewa kazi hii, mtazame fundi wa kanzu. Shingo na mabega ndipo penye kazi ngumu, kwa hiyo akishapata kipimo kizuri hapo hakiachi. Urefu, upana na tarizi anabadilisha atakavyo mteja, lakini kanzu zote zimetoka kwenye mkato mmoja.

Volkswagen wamelifanya hilo kwa uwazi kuliko wengi. Mwaka 2012 walileta platifomu waliyoiita MQB, wakaanza na Audi A3 na Golf ya saba, kisha Skoda Octavia na SEAT Leon, na baadaye magari makubwa kama Skoda Kodiaq. Umbali kutoka ekseli ya mbele hadi pedali ni ule ule kwa yote. Urefu wa kati, upana na nyuma ndivyo vinavyonyooshwa au kupunguzwa. Faida yao ni kwamba usanifu wa gharama kubwa unafanywa mara moja, na kiwanda kimoja kinaweza kuunganisha magari tofauti kwenye mstari mmoja.

Kwetu sisi tunaoagiza magari yaliyotumika Japani, ukoo unaotuhusu zaidi ni wa Toyota. Vitz ilipotoka mwaka 1999, juu ya platifomu yake kulijengwa Platz, Funcargo, bB, ist, na hata Probox ya 2002 ina damu hiyo. Ndiyo sababu fundi aliyezoea Vitz hababaiki akifungua boneti ya ist. Premio na Allion ni mapacha kabisa kwa upande wa chini, wametofautishwa kwa taa, bampa na mapambo. Noah na Voxy vivyo hivyo. Harrier ya kwanza ya 1997 ilijengwa juu ya mifupa ya Camry, na nje ya Japani ikauzwa kama Lexus RX 300.

Sasa turudi kwenye Fielder, maana hapa ndipo penye mtego. Fielder iliyotoka mwishoni mwa 2006, ile ya NZE141, ilikuwa na undugu na Auris. Mwaka 2012 Toyota wakaleta Axio, yaani Corolla ya sedani, na Fielder mpya, NZE161, na safari hii wakaachana na platifomu ya zamani na kuzijenga juu ya ile ya Vitz. Jina ni lile lile. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulibaki milimita 2,600, ingawa urefu wa gari zima ulipungua kwa kama sentimita 6. Zikiegeshwa pamoja utadhani ni mtu na mdogo wake, kumbe kwa chini 161 iko karibu zaidi na Vitz kuliko na Fielder iliyoitangulia. Na ukipanda Corolla Touring iliyotoka Japani mwaka 2019, hiyo nayo iko juu ya platifomu nyingine kabisa, ile ya kizazi kipya iliyoanza na Prius ya mwishoni mwa 2015.

Kilichonivuruga akili zaidi ni kwamba 141 na 161 zote mbili, kwa injini ya petroli ya cc 1,500, zilitumia injini moja, 1NZ-FE. Plagi zilizokaa kwenye 141 ya shemeji yangu zilikaa kwenye yangu bila shida, na chujio la oili pia. Kwa hiyo nilikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ni gari moja. Hili naomba ulishike: undugu wa injini na undugu wa platifomu ni vitu viwili. Injini hiyo ya 1NZ imekaa ndani ya Vitz, ist, Probox, Raum, Fielder na Allion ndogo. Usichukue chujio la oili kuwa ushahidi kwamba na mikono ya chini itaingia.

Passo ni mfano mzuri wa upande wa pili. Wengi huichukulia kuwa Vitz ndogo. Passo iliundwa na Daihatsu, na pacha wake halisi ni Daihatsu Boon. Injini yake ya cc 1,000 yenye silinda tatu, 1KR-FE, utaikuta pia kwenye Vitz ya 2005. Basi mwenye Passo akitafuta spea ya injini, milango ya Vitz iko wazi kwake. Akitafuta vitu vya miguu, yaani vya magurudumu na shokomzoba, aulize Boon, wala asishangae kukuta nembo ya Daihatsu kwenye boksi.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Unapopiga simu dukani, usianze na jina la gari. Anza na namba ya chesisi. Utaiona kwenye logibuku na kwenye kibati kilichopo ndani ya boneti, ikianza na herufi na tarakimu kama NZE161 kabla ya kistari. NZ inakuambia injini, E ni familia ya Corolla, 16 ni kizazi. Magari yaliyouzwa ndani ya Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17, kwa hiyo programu ya simu ikiikataa namba yako usidhani gari ni la wizi. Muuzaji makini ataiingiza yote kwenye katalogi na kukusomea namba ya spea. Iandike hiyo namba. Kwa kweli, duka lisilokuuliza namba ya chesisi mimi sinunui kwao tena kitu cha miguu, breki wala stelingi.

Namba ya spea ndiyo itakayokuonyesha ndugu wa gari lako. Mimi nilipofanya hivyo mara ya pili, orodha iliyotoka ilikuwa na Vitz humo humo, na nikapata mikono hapa hapa Mombasa siku ile ile, kwa sababu Vitz ziko nyingi na spea zake hazikosekani. Hapo platifomu ya pamoja inamsaidia mnyonge: spea inayofaa magari matano huwa rahisi kupatikana kuliko inayofaa moja.

Lakini nakusihi usiende mbali mno na undugu huo. Ndugu wa tumbo moja hawavai kiatu kimoja. Probox ni gari la mizigo, nyuma yake imetengenezwa kubeba, na springi zake si za kumfungia mwenye Vitz anayebeba watoto kwenda shule. Uzito ukitofautiana, springi na shokomzoba hutofautiana, na mara nyingi ukubwa wa diski za breki pia. Umbo kufanana na bolti kuingia hakutoshi. Nimeona mtu amefungiwa springi "zilizoingia", gari likawa linainama upande kila akikata kona ya Nyali, na tairi mpya zikaliwa kabla ya mwezi kwisha.

Na jambo la mwisho, ambalo wauzaji wa magari hawakutajii: kasoro nayo hurithiwa. Ukisikia mtengenezaji anaita magari ya aina fulani yarudi kwa matengenezo, angalia kama lako ni la ukoo huo au linatumia kifaa hicho. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilikuwa kwenye mamilioni ya magari ya kampuni nyingi, zikiwemo zinazoshindana kila siku, na imeua watu. Ingiza namba yako ya chesisi kwenye ukurasa wa mtengenezaji hata kama gari lilitoka Japani miaka mingi iliyopita. Ni kazi ya dakika chache.

Ile mikono ya 141 haikurudishwa, kwa vile boksi lilikuwa limeshafunguliwa. Ilikaa stoo miezi mitatu, kisha nikaipeleka kwa shemeji. Alinitumia namba yake ya chesisi kwanza, nami nikaihakiki dukani kabla fundi hajashika spana.