Maswali kwa Shangazi wa Feri: Aislandi kunakucha saa ngapi?

Mwezi uliopita niligusia hapa, kwa mistari miwili tu, ile miezi sita niliyokaa Reykjavik, mji mkuu wa Aislandi, kwenye mafunzo ya uvuvi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Nilikwenda Septemba 2012 nikarudi Machi 2013, nikaendelea na kazi yangu ya kukagua samaki. Sikutegemea mistari miwili ingeleta barua zote hizi. Nimezisoma kwenye pantoni asubuhi na jioni, nami najibu nilizoweza.

*Shikamoo Shangazi. Kijiweni tunabishana. Kuna mwenzetu anasema Aislandi haina mbu hata mmoja. Kweli? – Dereva wa bodaboda, Gongo la Mboto*

Marahaba, mwanangu. Nilipokuwa huko mwenzenu angeshinda ubishi. Usiku wa kwanza niliinuka kutafuta pa kufungia chandarua nilichotoka nacho Kigamboni, kisha nikakirudisha begini, na hakikutoka humo hadi narudi. Lakini Oktoba 2025 walinaswa mbu watatu eneo la Kjós, si mbali na Reykjavik: majike wawili na dume mmoja, wa aina ya Culiseta annulata, inayostahimili baridi. Si Anopheles, huyu wetu wa malaria. Usubi ndio wamejaa, tangu zamani. Kaskazini kuna ziwa liitwalo Mývatn, na maana yake ni Ziwa la Usubi.

*Assalaam alaykum. Nasikia huko kuna miezi jua halizami na miezi halitoki. Muislamu anaswali vipi, na anafunga vipi? – Mwalimu wa madrasa, Temeke*

Waalaykum salaam, Maalim. Swali lako nimelikalia siku tatu, maana ndilo jambo lililonisumbua kuliko baridi.

Saa yetu Waswahili tumeifunga kwenye jua. Kukikucha tunaanza kuhesabu moja, mbili, tatu. Jua likizama tunaanza upya. Hapa Dar hesabu hiyo inatutosha, kwa kuwa mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote havipishani hata saa nzima. Sasa fika Reykjavik Disemba 21. Jua linachomoza saa tano na dakika ishirini hivi. Linatambaa chini chini kama lililochoka, na saa tisa na nusu limeshazama. Juni mambo yanageuka: linazama saa sita za usiku na kabla ya saa tisa limeshachomoza. Kwa hiyo pale mjini jua halipotei siku nzima wala halikai juu siku nzima.

Wao hutumia saa za Greenwich mwaka mzima, saa tatu nyuma yetu. Siku moja ya Disemba mama yangu alinipigia, kwake ni saa saba mchana, ametoka kuswali adhuhuri. Akauliza, “Kumekucha huko?” Nikamjibu bado, mama. Kwangu ilikuwa saa nne asubuhi, nipo maabara, na dirishani taa za barabarani zinawaka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama naumwa. Nilijaribu kumweleza nikashindwa, maana Kiswahili changu chote cha wakati kilikuwa kimenigomea. Nimwambie ni saa nne asubuhi wakati nje ni usiku? Neno “asubuhi” lenyewe lilinipa shida mdomoni.

Kuhusu swala: katikati ya Disemba adhuhuri huingia karibu saa saba na nusu, na magharibi saa tisa na nusu. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa mbili. Nilikuwa natawadha mara moja tu na udhu unanifikisha. Ramadhani sikuikuta huko, ila najua ile ya 2016 iliangukia Juni, na waliofuata jua la pale pale walibaki na saa mbili au tatu tu za kula usiku kucha. Wanachuoni wamekhitalifiana. Wapo wanaosema fuata jua ulipo maadamu linachomoza na kuzama, na wapo wanaoruhusu kufuata nyakati za Makka au za mji wa karibu wenye usiku wa kawaida. Wewe ni mwalimu, hilo nakuachia. Mwishoni mwa 2030 Ramadhani itaangukia Disemba, na hapo funga yao itakuwa fupi kuliko yetu.

*Shangazi, niliona picha ya kichanga kimelazwa nje kwenye kigari, theluji pembeni, mama yuko ndani anakunywa kahawa. Ni kweli au picha za kutengeneza? – Mama wa mtoto mmoja, Tabata Segerea*

Ni kweli, mwanangu. Nilikiona kigari cha namna hiyo barabara ya Laugavegur, mbele ya mgahawa, nikasimama kukilinda. Nilisimama kama dakika kumi, vidole vinakufa ganzi. Mwanamke akatoka, akanisalimu, akagusa shavu la mtoto kwa kidole kimoja kupima joto, akarudi kwenye kahawa yake. Mtoto alikuwa amefungwa sufu juu ya sufu, inaonekana pua tu. Wanaamini hewa ya nje inampa mtoto usingizi mzito, nao bibi zao walilazwa hivyo hivyo, nje ya nyumba au kwenye baraza. Upepo ukiwa mkali hawamtoi. Nimelea watoto watatu mgongoni kwa kanga na sitabadilisha, lakini yule mama sikumwona mzembe hata kidogo. Kile kidole shavuni nakijua, nami nilikuwa nikiwapima wangu vile vile.

*Kombe la Dunia 2018 niliona jezi zao, karibu kila jina linaishia “son”. Ni ukoo mmoja? – Mwanafunzi, Mwenge*

Hapana. Hiyo “son” ni “bin” yetu. Gylfi Sigurðsson ni Gylfi bin Sigurður, basi. Msichana anapata “dóttir”, yaani binti. Rais wao wa zamani Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa 1980, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa rais kwa kura za wananchi, ni Vigdís binti Finnbogi. Wengi hawana jina la ukoo. Kaka na dada wa tumbo moja wana majina tofauti ya mwisho, na mke haachi jina la baba yake akiolewa. Niliposikia hayo nilimkumbuka bibi yangu, aliyejulikana Mjimwema nzima kwa jina lake na la baba yake, na “binti” katikati. Sisi tumeiacha “binti” tukaiona ya kizamani, wao wameing'ang'ania yao. Naona tuliharakisha.

Na kwa kuwa jina la mwisho linataja tu baba, au mama kwa wanaopenda, mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata rais, hata mwalimu. Kitabu chao cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza. Hapo ulimi wangu ulikuwa mzito. Mkufunzi wangu alikuwa mzee wa mvi, makamo ya baba yangu mkubwa, nami nimwite kwa jina kama mtoto mwenzangu? Kwa wiki kadhaa nilikuwa namzunguka nimfikie mbele ili tutazamane, nisilazimike kumwita. Baadaye nilimzoea, lakini moyoni kila asubuhi nilikuwa nikimwamkia.

*Ni kweli wanaogelea nje wakati wa barafu, na lazima uoge uchi kwanza mbele ya watu? – Msomaji, Kinondoni*

Yote mawili. Maji ya moto wanayatoa ardhini, na ndiyo yanayopasha joto nyumba tisa katika kila kumi. Bombani yananuka kidogo kama yai viza, lakini hayadhuru chochote. Ya baridi hayanuki na unayanywa hivyo hivyo bila kuchemsha. Bwawani hawapendi kutia klorini nyingi, ndiyo maana kila mtu anaoga kwa sabuni bila nguo kabla ya kuingia, wanawake kwao na wanaume kwao. Mimi nilikataa wiki tatu. Kisha nikagundua kuna kibafu chenye pazia, nikaenda na kanga yangu hadi mlangoni pake. Nikakaa kwenye maji ya moto hadi shingoni, theluji inaniangukia kichwani, na vikongwe wa pale wananiuliza habari za Tanzania. Nikawa siachi kwenda.

*Shangazi, mimi nakaanga samaki hapa hapa Feri, sura yangu unaijua. Nimeambiwa hao watu wanakula papa aliyeoza. Wewe mkaguzi uliwezaje kukaa nao? – Mkaanga samaki, Magogoni*

Nakujua, na nakuomba hilo neno “kuoza” tuliweke pembeni. Papa wao ni wa bahari ya baridi kali, na nyama yake mbichi ina sumu. Ukiila hivyo unapepesuka kama mlevi. Zamani walimzika kwenye changarawe ya ufukweni, siku hizi humweka kwenye masanduku, majuma kadhaa, majimaji yenye sumu yachuruzike. Kisha hutundikwa bandani miezi minne, mitano, upepo unapita. Huitwa hákarl, na huliwa vipande vidogo kama sukari ya bonge, hasa Januari na Februari kwenye sherehe zao za katikati ya baridi. Harufu inapanda puani ikakutoa machozi. Nilikula kipande kimoja, cha pili nikashukuru. Lakini mtu aliyekulia nyumba yenye papa ng'onda hawezi kushangaa: mvuvi maskini, samaki mgumu, hana pa kumhifadhi, akatafuta njia.

Heshima niliyorudi nayo ni ya namna wanavyomthamini samaki. Nchi yenye watu wasiofika 400,000, isiyo na jeshi, ilivutana na Uingereza mara tatu kwa ajili ya samaki. Meli zao za ulinzi wa pwani zilikuwa zikikata kamba za nyavu za Waingereza, na mwaka 1976 Uingereza ikakubali mpaka wa maili 200. Kutupa samaki baharini sheria inakataza. Ulichonasa unakifikisha bandarini. Vichwa vya þorskur, samaki wao mkuu, vinakaushwa kwa mvuke wa ardhini na kupelekwa Nigeria kupikiwa mchuzi. Ngozi nayo, kampuni ya Kerecis ya mji wa Ísafjörður inaitengeneza iwe ya kufunikia vidonda hospitalini. Kule Mwanza wanaopika mapanki, na hapa wanaogombania vichwa vya nguru, wanalijua hilo bila kufundishwa. Kinachotuangusha sisi ni barafu. Wao samaki anakutana na barafu angali anapumua; wa kwetu mara nyingi anakutana nayo hapa Feri, jua limeshapanda. Tafadhali waambie wenye mashua unaonunua kwao: wabebe barafu wanapotoka, wasingoje kuikuta nchi kavu.

Niliporudi nilimletea mama harðfiskur, samaki wao mkavu asiye na chumvi nyingi, ambaye wao humpaka siagi na kumtafuna hivyo hivyo. Mama alimgeuza mkononi, akamnusa, akamloweka usiku kucha. Asubuhi akakuna nazi mbili, akatia ndimu na pilipili mbuzi. Tulimla kwa ugali. Kesho yake alikuja kuniuliza kama begini hakikubaki kipande.