Mnauliza picha, mimi nawajibu kibakuli

Ndugu mhariri,

Swali lenu la wiki hii nililisoma mbaazi zikiwa motoni, nikalirudia, mbaazi zikashika chini. Mliuliza hivi: mpishi mwenye jina anapowalisha wasio na makao ndani ya ukumbi uliopambwa na wasanii wakubwa, ile sanaa ni ya mlaji au ni ya kumtangaza mtoaji? Mkatoa mfano wa Massimo Bottura wa Italia.

Nilitaka kuwajibu kwa mstari mmoja: picha haishibishi. Ningeishia hapo ningelala mapema. Lakini mimi ni mtu wa Malindi, nimepika jikoni kwa Waitaliano miaka kumi na saba kabla ya kuja Kisauni kuuza mahamri yangu mwenyewe, na swali lenu limenitonesha kidonda.

Kwa aliyekosa toleo lile, habari ni hii. Mwaka 2015 mji wa Milan uliandaa maonyesho makubwa ya dunia, Expo, na mada ilikuwa kulisha dunia. Bottura, mwenye mkahawa wa nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la mikahawa, kule Modena, akashirikiana na Caritas ya Milan, shirika la hisani la Kanisa Katoliki, wakachukua jumba la michezo ya kuigiza lililokuwa halitumiki katika mtaa wa Greco, wakaligeuza mahali pa kulia. Wakaliita Refettorio Ambrosiano. Wapishi zaidi ya 60 wakaja kwa zamu kupika vyakula vilivyosalia kwenye maonyesho, mkate wa jana, ndizi zilizopiga weusi, mboga zilizonyauka. Meza zikabuniwa na mafundi wa sifa, msanii Mimmo Paladino akatengeneza mlango, mwenzake Maurizio Nannucci akaandika kwa taa za neoni maneno ya Kiingereza yenye maana ya "hakuna visingizio tena". Wageni wenyewe ni watu wanaolala nje, wahamiaji, wazee wasio na mtu. Wanaketi, wanaletewa. Baadaye Bottura na mkewe, Lara Gilmore, wakaanzisha shirika la Food for Soul, na kumbi nyingine zikafunguliwa Rio mwaka 2016, London 2017, na Paris 2018 chini ya kanisa la Madeleine.

Vizuri. Sasa kwetu. Anayeijua Malindi anajua wafadhili wa msimu. Wanashuka Desemba na jua, wanaondoka na mvua za masika, na katikati kuna siku moja ya kugawa mchele. Mchele unapigwa picha kabla haujapikwa. Mtoto anaambiwa acheke. Kwa hiyo mkinitajia tajiri, chakula na picha katika sentensi moja, mimi mkono wangu unakwenda kiunoni wenyewe.

Ila kuna Ramadhani ya mwaka 2009, na hiyo ndiyo inayoniharibia mstari wangu mmoja.

Hoteli siitaji. Aliyekuwa Malindi miaka ile ataikisia, na akikisia anyamaze. Biashara ilikuwa haijainuka sawasawa tangu fujo za baada ya uchaguzi wa 2007, vyumba vitupu, friji zimejaa. Mwenye hoteli, mzungu mwenye moyo mzuri na maneno mengi, akaamua atafuturisha watu. Si kugawa unga getini kama wenzake, la. Ghala la nyuma lililokuwa la magodoro lisafishwe, lipakwe chokaa, liwekwe meza zenye vitambaa vyeupe, na ukuta wa mbele uchorwe na kijana msanii aliyemleta kutoka Nairobi. Watu waketi, wahudumiwe kama wageni wa hoteli. Pasiwe na foleni. Pasiwe na kubeba. Hilo la mwisho alilisema mara tatu: akiruhusu kubeba, ukumbi utageuka dirisha la kugawia, na yeye hataki dirisha.

Jikoni tulicheka. Mpishi wetu mkuu, mzee wa Pate aliyekuwa hapotezi neno, aliuliza kitu kimoja tu: sahani zipi? Akaambiwa zile za plastiki za bwawani. Akasema, "Kama ni wageni, wale sahani za wageni." Akazitoa mwenyewe kabatini, nyeupe, nzito, zina mstari wa buluu ukingoni. Nazijua kwa sababu mimi ndiye niliyezikausha: arobaini na nane, na kumi zimemeguka midomo. Zilizomeguka aliziweka kando. Nikamwambia hawa hawataona. Hakunijibu.

Picha ilikuwa jahazi. Jahazi, minazi miwili, jua linazama, na bahari ya buluu ambayo sisi wa Malindi tunaionea kwenye kalenda, maana mto Sabaki ukijaa bahari yetu ni rangi ya chai ya maziwa.

Siku ya kwanza tulipika tambi, viazi vitamu vya nazi, sambusa, kaimati, na uji wa kufungulia pamoja na tende. Watu walitoka Maweni, Barani, Kisumu Ndogo. Waliofunga walikuja na wasiofunga walikuja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mwenye hoteli alizunguka na kamera. Picha zile ziliingia kwenye kijitabu cha hoteli mwaka uliofuata, mgongo wangu umo.

Adhana ilikuwa imeshatoka alipofika bi mkubwa mmoja na kibakuli cha bati chenye kifuniko, amekifunga kwa leso. Akasimama kizingitini. Nikamwendea.

"Karibu bi mkubwa, pita ukae."

"Sikai, mwanangu. Nitilie humu nende zangu."

Nikamweleza utaratibu, kwa haya, kwa sababu nilijua unavyosikika. Akatazama vitambaa, akatazama watu, akaniangalia mimi na eproni yangu iliyopigwa pasi.

"Nina wajukuu watatu nyumbani. Mimi nikae hapa nile kwa uma, wao niwapelekee nini? Hadithi?"

Nilirudi jikoni sina jibu. Mwenye hoteli, nilipomwambia, akasema awalete wajukuu. Kusema ni rahisi. Giza limeingia, na kwao ni mbali hata kwa mtu mzima. Nilipotoka tena nilidhani ameshaondoka. Hakuondoka. Alikuwa ameingia hatua mbili, anatazama ukuta.

"Nani kaichora hii?"

"Kijana wa Nairobi."

"Ndiyo maana."

Akanyoosha kidole. Tanga lile, alisema, limetuna kuelekea omo, mbele ya chombo, kwa hiyo upepo unatoka tezi, nyuma. Bendera nayo, iliyo pale tezi, imepepea kurudi nyuma. "Chombo kimoja, pepo mbili! Bendera hufuata upepo. Hii inafuata nini?"

Meza ya karibu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kaimati. Marehemu mumewe alikuwa nahodha, alipakia boriti za Lamu kupeleka Uarabuni, na mama huyu, kwa maneno yake, alikuwa ameolewa na jahazi zaidi kuliko na mwanamume. Yule msanii alikuwa amesimama pembeni. Niliona masikio yake yakichemka. Nikasema basi, kesho atarudi Nairobi.

Kesho yake alasiri nikamkuta juu ya ngazi. Na chini ya ngazi, juu ya kreti langu la nyanya, amekaa bi mkubwa. Wajukuu wote watatu wamemzunguka, mmoja yuko mapajani. Walikuja mchana, jua lingali juu. Bendera ikageuzwa. Kisha ikawa foromali, ule mti unaobeba tanga, imekaa chini mno. Kisha kamba, ziko mahali ambapo hakuna baharia angezifunga. Siku tatu walifanya kazi hiyo, yeye anaelekeza na kijana anafuta na kuchora upya. Siku ya pili kijana alimpa brashi. Akaikataa. "Mimi nakuonyesha. Wewe ndiye unayelipwa."

Watu wakaanza kuja mapema, kabla ya magharibi, kuona leo kimebadilika nini. Wavuvi walibishana kuhusu rangi ya maji, na hilo walishinda: bahari ikapakwa rangi yake ya kweli, ya Sabaki. Mzee mmoja akataka chombo kipewe jina. Wakashindwa kuafikiana, kila mtu ana la kwao, jahazi likabaki bila jina.

Nimeandika sana hapa, najua mtakata. Mkikata, msikate bendera.

Maana mimi nilikuwa nimeamini kwamba pambo ni la mwenye nyumba, na mlaji analipitia tu akielekea kwenye sinia. Lakini kwa watu wa pwani hilo halijawahi kuwa kweli. Nendeni Mambrui, ng'ambo ya Sabaki, mkaulize habari za nguzo ya kaburi iliyopachikwa bakuli za Kichina. Ingieni nyumba kongwe za Lamu muone zidaka, safu kwa safu za vishubaka ukutani, vilivyowekewa vyombo vya kaure. Sisi tulitundika sahani ukutani kabla ya hao wasanii wenu kuzaliwa. Yule mzee wa Pate alijua alichokuwa akifanya alipotenga zile kumi zilizomeguka.

Na mlango wa Paladino umenishika pia, sikutarajia. Msanii huyo huyo mwaka 2008 alisimamisha mlango mwingine, mrefu, kisiwani Lampedusa, umeelekea baharini upande wetu, kuwakumbuka waliozama wakivuka kwenda Ulaya. Kwa hiyo mtu wa kutoka huku anaweza kuwa aliupita ule wa kwanza akiwa amelowa, na miaka baadaye akaingia kwa huu wa pili akiwa na njaa. Sijui kama mtu wa namna hiyo anataka kukumbushwa bahari wakati wa chakula cha jioni. Mimi nisingetaka. Lakini siwezi kusema mlango ule haumhusu.

Hapa nilitaka kulainika, nikamkumbuka Wawira Njiru, nikakaza tena. Binti huyu wa Ruiru alipika karamu ya kuchangisha fedha akiwa mwanafunzi Australia, na mwaka 2012 akaanza kulisha watoto 25 wa shule kwao. Leo shirika lake, Food4Education, lina majiko makubwa, na Nairobi, kwenye mpango wa kaunti ulioanza 2023, mtoto wa shule ya umma anagusisha bangili yake na kula kwa shilingi 5. Sijaona mchongaji wala taa za neoni. Na mtoto anayelipa hamshukuru mtu. Chakula kikichelewa anadai. Nikiwekewa Milan na Ruiru kwenye mizani, na shilingi ni zangu, zinakwenda Ruiru, wala sifikirii mara mbili.

Lakini hamkuniuliza shilingi ziende wapi. Mliuliza sanaa ni ya nani, na nimezunguka kote huku nisiijibu. Basi: ni ya mlaji siku anapoweza kusema imekosewa na mtu akapanda ngazi. Kabla ya siku hiyo ni ya mwenye ukuta, awe Bottura, awe nani. Kwa kipimo hicho huenda kumbi nyingi nzuri zinaanguka. Ya Milan naipa nafasi zaidi ya nilivyokusudia nilipoketi kuandika, kwa sababu moja ya kijinga ya mpishi: Expo ilikwisha Oktoba 2015, kamera zikaondoka, na wao waliendelea kupika. Sisi tulipika mwezi mmoja. Mwaka uliofuata hoteli ikauzwa, ghala likarudishiwa magodoro, na ukuta sikuuliza ulifanywaje. Kwa hiyo ndiyo, niandikeni upande wa huyo Muitaliano, ingawa kwa penseli.

Na lile la kubeba sikuwaambia lilivyokwisha. Bi mkubwa alikaa, siku ya pili na zilizofuata, akala kwa sahani yenye mstari wa buluu, wajukuu pembeni yake. Hata hivyo kibakuli hakuacha kukileta, kwa sababu daku nayo ni chakula na nyumbani hapakuwa na kitu. Mzee wa Pate alikuwa akikipokea kwenye mlango wa nyuma wa jikoni, anakijaza, anakifunga leso tena fundo lile lile, kila usiku mpaka mkesha wa Idi. Mwenye hoteli ama hakujua, ama alijua akanyamaza. Kama ni la pili, basi lile ndilo jambo la busara zaidi alilofanya mwezi ule, na halikupigwa picha.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa