Wikiendi ya Mombasa: maswali ya wasafiri wa Nyanda za Juu

Tangu nitaje hapa kwamba nikiwa chuo tulifunga safari watu wanne kutoka Mbeya hadi Mombasa, maswali yamemiminika. Nimechagua haya sita, maana mengine yanafanana nayo.

Shikamoo dada. Tuko watano, mwaka wa pili, tunakaa Iyunga. Tukiondoka Ijumaa jioni tutawahi kipindi cha Jumatatu?

Marahaba mdogo wangu. Hamtawahi. Mbeya hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 800, na aliyewahi kukwama nyuma ya malori pale Kitonga anajua kwamba kilomita hizo zina mambo yake. Subirini Pasaka, kwani Ijumaa Kuu na Jumatatu yake ni mapumziko huku na Kenya pia. Mkipanda basi la usiku Alhamisi, msifike Dar. Shukeni Chalinze, njia ya Tanga inapochepukia, mtaokoa karibu kilomita 200 za kwenda mjini na kurudi palepale. Pigeni simu mapema mwekewe viti kwenye basi linalotoka Dar, kwa sababu sikukuu hujaa. Kutoka hapo ni Segera, Tanga, mpaka wa Horohoro, Lunga Lunga, kisha feri ya Likoni. Mtapata Jumamosi nzima na usiku mbili. Ni kidogo, lakini ni halali yenu.

Mwenzetu mmoja hana pasipoti, ana NIDA tu. Atavuka?

Kitambulisho cha NIDA hakimvushi. Aende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa mapema. Kama muda umebana, aulizie hati ya dharura ya safari. Abebe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na achanjwe angalau siku 10 kabla. Chanjo hiyo sasa hutambulika kwa maisha yote.

Nalisema hili kwa uchungu. Kati yetu wanne, mmoja alikuja na kitambulisho cha chuo tu. Tulijua tangu Mbeya, kila mmoja akanyamaza akitumaini mambo yatajipa. Mpakani, dirishani, akaambiwa arudi. Basi lilikuwa linapiga honi, tukamwachia elfu kumi na tano, tukapanda. Bado namwona amesimama na begi lake kando ya kibanda cha chai, anatupungia mkono kama mtu aliyekuja kutusindikiza stendi. Mombasa niliiona, sikuifaidi. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, kila mtu aweke hati yake mezani, wote mzione. Asiye nayo asubiriwe, au safari ihamie Tanga. Bahari ni ileile.

Naweza kumpelekea mwenyeji wetu parachichi za Rungwe?

Mazao mabichi mpakani hudai kibali cha afya ya mimea. Mpelekee majani ya chai ya pakiti, ya hukohuko Rungwe. Atafurahi vilevile.

Kila mtu abebe hela yake, au tuchange?

Changeni, na mfuko ashike mtu mmoja anayeandika kila kinachotoka. Shilingi moja ya Kenya huwa karibu 20 za kwetu, kwa hiyo noti yao ya 1,000 ni kama elfu ishirini. Siku ya kwanza mkono husahau, ukaitoa kama buku la kawaida. Kula si ghali mkila wanachokula wenyeji: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni. Feri ya Likoni kwa mtu wa miguu ni bure. Bajeti ipangwe kwa uwezo wa mwenye kidogo kuliko wote. Mkipanga kwa mwenye nacho, yule mwingine atashinda ana njaa na hatawaambia.

Mwandishi, habari za kazi. Binti yangu amekulia hapa Tukuyu, bahari hajaiona na kuogelea hajui. Nimruhusu?

Shikamoo mama. Mruhusu, ila kaa naye kwanza umweleze mambo mawili.

La kwanza ni maji yenyewe. Ziwa Nyasa pale Matema halimkimbii mtu wala kumfuata. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na Mombasa siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti hupita mita 3. Maji yakipwa utaona watu wako mbali kabisa kwenye mchanga, na sisi wa milimani hudhani pale ndipo nchi kavu ilipoishia. Mimi nilitandika kanga huko mbali nikajilaza. Nilishtushwa na ubaridi visiginoni, na nilipogeuka, njia niliyopita ilikuwa maji ya magotini. Asubuhi amuulize mvuvi yeyote: maji yanajaa saa ngapi leo? Atajibiwa bila kusitasita. Asiyejua kuogelea asipite magotini, na asiingie peke yake.

La pili ni mbu. Huku kwetu kwenye baridi malaria ni chache, pwani sivyo. Alale ndani ya chandarua. Akirudi akapata homa, hata wiki mbili baadaye, asimeze panadoli na kulala. Akapimwe, na amwambie mhudumu kwamba alikuwa pwani.

Dada, wa Mombasa hawatatucheka lafudhi? Mimi ni Mhehe wa Iringa, husikika haraka.

Watakusikia, ndiyo, na wewe utawasikia wao. Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ni lahaja kongwe: kwao njia ni ndia, mchele ni mtele, macho ni mato. Msikilize mzee wa Mji wa Kale akikuelekeza Fort Jesus, usimkatize. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Ukifika, weka kiganja kwenye ukuta. Ni mawe ya matumbawe, makwaruzo yake huyapati kwenye jiwe la Iringa. Mitaani humo vaa nguo ya staha, beba kanga ya kujitanda, na ukimkuta mtu mzima barazani anza na shikamoo kabla ya kuuliza ndia.