Unanunua nyumba ya kupangisha? Anza na hesabu ya paa

Nyumba za kupangisha Dar es Salaam hupigwa rangi wiki ile ile zinapotafutiwa mteja. Rangi mpya inayoishia kiunoni hunitia shaka papo hapo, maana pale chini mara nyingi pana chumvi. Gonga plasta kwa kidole; ikilia kama debe tupu, imeshaachana na tofali.

Mimi hukagua kuanzia juu. Panda darini na tochi, ukiwa na fundi wako, si fundi wa dalali. Kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, zikiwa za paina zisizotiwa dawa huliwa na mchwa huku bati likiendelea kung'aa. Uliza bati ni geji ngapi: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na Kigamboni kule karibu na bahari upepo wa chumvi hulila mapema. Fundi akitaja bei, atenganishe vifaa na ufundi. Bei ya vifaa kaulizie mwenyewe duka la jirani na nyumba, na usafiri uhesabu.

Kisha gawa. Tuseme kuezeka upya ni shilingi milioni 6, na fundi anakadiria paa lililopo litadumu miaka 5. Hiyo ni laki moja kila mwezi. Vyumba 6 vya 60,000 vinaingiza 360,000, na paa peke yake limeshachukua laki. Bado pampu, tangi, mein swichi, vitasa. Hapo ndipo pa kuanzia kupatana na muuzaji.

Shimo la choo silikadirii kwa macho. Nawauliza wapangaji: gari la majitaka huja mara ngapi, na masika shimo hufanyaje? Hawana sababu ya kuficha; wengine watakuonyesha na soketi inayotoa cheche bila kuulizwa. Shimo likijaa kila masika, huenda maji ya ardhini yako juu, na kuchimba jingine pale pale ni kutupa hela.

Kodi nayo hapa hulipwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na hela ya mkupuo haina adabu. Fungu la paa nalihamishia akaunti nyingine siku hiyo hiyo. Hesabu pia miezi ambayo vyumba vitakaa wazi fundi akiwa kazini, maana mpangaji aliyehama kupisha ukarabati ni nadra kurudi.