Alama Peke Yake Hazitoshi: Kumwandaa Kijana Anayeomba Vyuo Vikuu vya Marekani

Mwanafunzi anayetarajia daraja la kwanza la pointi 3 katika tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) amezoea kuamini kwamba matokeo yake yatamsemea. Hapa Tanzania imani hiyo haimwangushi, kwa kuwa udahili wa vyuo vikuu vyetu huzingatia alama kuliko jambo jingine lolote. Anapoomba Harvard, Yale au MIT, ambako kati ya waombaji 100 hupokelewa watano au pungufu, alama hizo humweka tu katika kundi la maelfu ya wenzake wenye alama kama zake. Kwa miaka kadhaa nimewasaidia vijana wa namna hii, wengi wao wa shule za bweni za serikali, na nimeona kwamba kazi kubwa si kuwaongezea sifa bali kuzitoa zile walizonazo ambazo wao wenyewe hawazihesabu.

Kabla ya hayo, familia izungumze kuhusu fedha. Vyuo vingi binafsi vya daraja hilo hugharimu zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, na vingi kati yake huangalia uwezo wa mwombaji wa kigeni kulipa kabla ya kuamua kumpokea. Ni vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo humpima mgeni bila kujali hali ya familia yake na kisha kugharamia kile ambacho familia haiwezi. Mzazi asione aibu kuandika kipato halisi, hata kama ni cha genge la mbogamboga, na asikikuze ili aonekane mtu wa maana. Ada ya maombi nayo isiwe kizuizi, kwa sababu asiyeweza kuilipa huruhusiwa kuomba msamaha wa ada.

Suala la pili ni kalenda, ambayo kwa mwanafunzi wa Tanzania imekaa vibaya. Maombi ya awali hufungwa kuanzia tarehe 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari, na majibu ya kawaida hutoka mwishoni mwa Machi, yaani wiki chache tu kabla ya mtihani wa Taifa wa kidato cha sita wa Mei. Nimeona kijana akiingia katika mtihani huo akiwa amevunjika moyo kwa barua ya kukataliwa, na mwingine akiwa ameacha kusoma kwa sababu amekubaliwa. Kwa hiyo ninapendelea wengi wao wamalize shule kwanza na kuomba mwaka unaofuata, ingawa wazazi huuona mwaka huo kuwa umepotea. Hata hivyo, anayekwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria afanye insha ya kwanza na maandalizi ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kabla ya kuripoti kambini, kwani akirudi hatakuwa na nafasi ya kupumua. MIT na Harvard zimerudisha sharti la SAT au mtihani mwenzake wa ACT, na vituo vya mitihani hiyo nchini si vingi.

Sasa nije kwenye kiini. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi humpa mwombaji nafasi ya kutaja shughuli 10, kila moja ikielezwa kwa herufi zisizozidi 150, na insha isiyozidi maneno 650. Kijana mmoja aliniletea orodha yenye shughuli mbili, mdahalo na klabu ya hisabati. Nilipomuuliza anafanya nini jioni baada ya vipindi, alisema kwa kusitasita kwamba yeye ni kiranja wa chakula. Kumbe aligundua kwamba maharage huisha kabla muhula haujaisha, akaanza kupima kila debe linalotoka stoo na kuandika katika daftari lenye safu za tarehe, kilo na idadi ya wanafunzi waliopo, hadi akaonyesha kwamba kipimo kilipangwa wakati shule ina wanafunzi wachache zaidi. Mkuu wa shule akabadilisha oda. Hakuwa ameliandika popote, kwa sababu kwake hiyo ilikuwa zamu tu, wala haikuwa na cheti.

Ndiyo maana huwakataza kuanza insha kwa sentensi ya kutaka kuwa daktari ili kuisaidia jamii. Nia hiyo ni njema, lakini msomaji wa udahili ameisoma mara nyingi mno. Daftari la maharage hajalisoma. Vilevile huwakatisha tamaa wanaodhani ni lazima waandike msiba au njaa ili wapokelewe. Aliyepitia shida ana haki ya kuisimulia, ila asilazimishwe kuiuza.

Barua za walimu zinahitaji uangalizi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Walimu wetu wamezoea barua ya mistari mitatu inayosema mwanafunzi ni mtiifu, mwenye bidii na nadhifu, nayo hapa nchini inatosha. Huko inasomwa kana kwamba mwalimu hakuwa na la kusema. Kijana amwendee mwalimu wake wa fizikia mapema, kwa adabu, akiwa na ukurasa mmoja unaomkumbusha swali alilouliza au jaribio lililowashinda wakalirudia, kisha mwalimu aandike kwa maneno yake mwenyewe. Mtaaluma naye aombwe kueleza shule ina wanafunzi wangapi, maabara ikoje na kijana ameshika nafasi ya ngapi, maana kule hawaijui.

Wakala anayeahidi nafasi kwa malipo apuuzwe.

Mwisho, maombi ya nyumbani yasiachwe. Dirisha la udahili wa vyuo vya ndani na lile la mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) likifunguliwa, kijana aombe kama wenzake. Akipokelewa Marekani, kabla ya kujibu ifikapo tarehe 1 Mei, akae na wazazi wasome barua ya ufadhili mstari kwa mstari: kipi ni ruzuku, kipi ni mkopo, kipi atakifanyia kazi chuoni, na kama bima ya afya na tiketi ya ndege vimo.