Usiiache mpaka Jumamosi: bunduki ya baruti hailali chafu

Usiiache mpaka Jumamosi. Umeandika kwamba umenunua bunduki ya kushindilia iliyokwishatumika, ya mtindo wa Hawken, ule wa kale wa Kimarekani, kaliba .50, yaani tundu la nusu inchi, inayowashwa kwa fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikipigwa na nyundo. Kwamba umeipiga leo asubuhi huko Pennsylvania, Marekani, ili kujiandaa na majira ya uwindaji ya Oktoba. Kwamba zamu zako za usiku kwenye bohari hazikupi nafasi kabla ya mwisho wa wiki. Na kwamba aliyekuuzia amekuambia upitishe tu kitambaa chenye mafuta mazito ya asili, kwa sababu mtutu ukishazoea mafuta haushiki kutu tena. Kisha unauliza mafuta gani ni bora, kitako cha mbao kitunzwe vipi, na ushindilie baruti kiasi gani. Maswali hayo yote yana nafasi yake, lakini kuna kazi moja isiyoweza kungoja hata usiku mmoja, nayo hukuiuliza kwa sababu umeshaaminishwa kwamba haipo. Osha mtutu kwa maji leo, kabla hujaondoka kwenda zamu.

Nieleze sababu, maana neno la mtu asiyetoa sababu ndilo lililokufikisha hapo. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10 katika kila mia. Inapowaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi, bali hubaki kuwa yabisi, na yabisi hiyo nyingine hutoka kama ule moshi mweupe mzito, na nyingine hugandamana na kuta za mtutu, hasa chini kabisa, pale baruti ilipokaa. Weusi unaouona kwenye kitambaa si masizi peke yake. Ndani yake mna chumvi za potasiamu, yaani kaboneti, salfeti na salfaidi, na hiyo kaboneti ina tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani mpaka ikalowa yenyewe bila ya mtu kuimwagia tone la maji. Chuma kilichofunikwa na chumvi iliyolowa huanza kuliwa siku hiyo hiyo. Sasa shika jambo hili kuliko mengine yote: chumvi hizo huyeyuka katika maji, wala haziyeyuki katika mafuta. Anayepaka mafuta juu ya uchafu huo hajauondoa, bali ameufunika ukiwa umegusana na chuma, na mafuta yenyewe yakichanganyika na masizi hugeuka kuwa uji mweusi unaonata kama lami, ambao siku ya kuosha unazuia hata maji yasifike panapotakiwa.

Hayo uliyoambiwa na muuzaji wako niliambiwa mimi pia, karibu neno kwa neno, na mtu aliyeniuzia bunduki yangu ya kwanza ya gumegume, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe badala ya fataki, katika duka ambalo sitalitaja. Alisema sabuni na maji ni adui wa mtutu. Alisema mtutu hulelewa kama kikaango cha chuma cha kusubu, kinachopakwa mafuta na kuchomwa mara kwa mara mpaka kikajijengea ngozi yake, na kwamba kuuosha ni kuibandua ngozi hiyo na kuanza upya. Mtu yule alikuwa nyuma ya kaunta, amezungukwa na bunduki, anazungumza kwa uhakika wa hakimu, na kopo la mafuta aliyoyasifu lilikuwa mkononi mwake tayari kwa kuuzwa. Ningependa kumwuliza leo ni lini alipowahi kumulika ndani ya mtutu uliolelewa kwa namna hiyo. Kikaango hushika ngozi kwa sababu mafuta hupikwa juu yake kwa moto mkali wa muda mrefu, juu ya uso uliokwisha kuoshwa chakula. Mtutu wa chuma cha pua au wa chuma cha kawaida hauchemki kiasi hicho kwa risasi chache za mwindaji, na kila mlipuko unalaza tabaka jipya la chumvi juu ya mafuta yaliyotangulia. Kinachojengeka humo ni tabaka la uchafu lenye mafuta, na chini yake kutu inafanya kazi yake kwa utulivu kabisa.

Majira ya kuwinda kwa gumegume ya Pennsylvania, yaliyoanzishwa mwaka 1974, hufunguliwa baada ya Krismasi, wakati wa baridi kali, na hapo ubaya uliongezeka maradufu. Chuma kilichoshinda msituni kwenye baridi kikiingizwa ndani ya nyumba yenye joto hutokwa na jasho, maana unyevu wa hewa ya ndani hujikusanya juu yake, nje na ndani ya mtutu. Bunduki yangu iliingia ikiwa na uchafu wa baruti, ikapata maji hayo ya hewa, ikafutwa kwa kitambaa, ikapakwa mafuta yale yaliyosifiwa, kisha ikawekwa kabatini. Kitambaa cha mwisho kilitoka na rangi ya mafuta tu, kwa hiyo kila kitu kilionekana salama. Kutu haikuwa juu, mahali kitambaa kinapoteleza kwa urahisi, bali ilikuwa chini, karibu na kitundu cha moto, kile kinachopitisha moto kuifikia baruti, ndani ya mifereji ya msokoto ambayo ndiyo inayoizungusha risasi.

Dalili zilikuja uwanjani, majira yaliyofuata. Goroli zilitawanyika kwenye shabaha ambayo bunduki ile ile iliipiga vizuri hapo awali, na vile vitambaa vya kuviringishia goroli, ambavyo huokotwa mbele ya mtutu vikiwa vimeungua kidogo lakini vizima, viliokotwa vikiwa vimechanika vipande vipande. Fundi bunduki aliingiza kamera ndogo mtutuni na kunionyesha kwenye kioo: vishimo vya kutu vimetapakaa chini, vingine vimekula mpaka kwenye kingo za mifereji. Kingo hizo ndizo zilizokuwa zikivipasua vitambaa. Akaeleza kwamba kutu ya juu husuguliwa, lakini shimo haliwezi kusuguliwa, kwa sababu chuma kilichokuwa hapo hakipo tena. Njia zilizobaki zilikuwa mbili, ama kuupanua mtutu uwe wa kaliba kubwa zaidi na kuuchonga mifereji mipya, ama kununua mtutu mwingine, na bei ya njia zote mbili ilikaribia bei ya bunduki nzima iliyotumika. Kwenye kopo la yule muuzaji hapakuwa na maandishi ya kwamba angechangia.

Kinachoniudhi ni kwamba ujuzi huu si wa siri wala si mpya. Askari wa Kiingereza waliobeba bunduki za .303 walimimina maji ya moto mtutuni kwa faneli, kwa sababu fataki za risasi za zama zile ziliacha chumvi ya aina inayokaribiana na hizi, na jeshi lilijua kwamba mafuta peke yake hayaiondoi. Babu yangu huko Sikonge, aliyekuwa na gobore lenye kibali, hakusoma kemia, lakini halikuwahi kulazwa ndani kabla halijapitishwa maji, likakaushwa, na ndipo likapakwa mafuta. Kauli yake ilikuwa kwamba bunduki ya baruti hailali chafu. Niliisikia kauli hiyo miaka mingi kabla ya kukutana na muuzaji wangu, na muuzaji akaishinda kwa sababu tu alikuwa na duka.

Huenda mtu akakujibu kwamba wewe unatumia baruti mbadala, na kwamba hizo hazili chuma. Asikudanganye. Pyrodex ina pakloreti ya potasiamu ndani yake, na ikiungua huacha kloraidi, chumvi ambayo ni kali zaidi kwa chuma kuliko zile za baruti nyeusi. Triple Seven haina salfa, kwa hiyo haina ile harufu ya yai bovu, na watu wengi huchukua kukosa harufu kuwa ni kukosa chumvi. Nayo huoshwa kwa maji, na huoshwa siku ile ile. Blackhorn 209 kweli ni jamii nyingine, haisafishwi kwa maji bali kwa viyeyusho vyake maalumu, lakini imetengenezewa bunduki za kisasa zinazotumia fataki namba 209, nayo Hawken yako si mojawapo. Na yeyote atakayekushauri utie baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kawaida, huyo mkimbie, kwa maana shinikizo lake linaweza kuupasua mtutu mikononi mwako.

Kazi yenyewe haizidi nusu saa ukishaizoea. Hakikisha kwanza kwamba bunduki haina kitu: ondoa fataki, kisha tumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka mwisho, ushike kwa kidole pale unapoishia mdomoni, uutoe na kuupima kwa nje ya mtutu, na kama ncha yake haikufika karibu na kitundu cha moto, kuna kitu kimeshindiliwa humo, na hapo hakuna kuosha mpaka kitolewe. Bunduki iliyonunuliwa kwa mtu mwingine ipimwe hivyo hata kama ameapa. Baada ya hapo sukuma kabari itoke, na mtutu wa mtindo wa Hawken utanyanyuka kwenye kitako, maana nyuma umeshikwa na ndoano tu. Fungua kwa spana yake kile kichuchu cha chuma kinachovalishwa fataki. Simamisha mtutu kwenye ndoo ya maji vuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, upande wa nyuma ukiwa chini, tia kitambaa kinachobana kwenye ufito wa kusafishia, kisha vuta na sukuma, na utaona maji yakipanda kupitia kitundu cha kichuchu na kushuka tena yakiwa meusi. Badilisha maji mpaka yasitoke na rangi, halafu suuza kwa maji matupu.

Wapo wanaotumia maji yanayochemka. Siwagombezi, lakini mara nyingi maji hayo huacha utando mwekundu wa kutu wa papo hapo mtutuni, kwa sababu chuma kinakauka kikiwa cha moto na hakijapata kinga. Maji vuguvugu huyeyusha chumvi vizuri, mradi vitambaa vikavu vifuate mara moja, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho kitoke kikavu kweli. Sasa ndipo mafuta yanapoingia, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza: mafuta yoyote mazuri ya kuzuia kutu yanafaa juu ya chuma kilichooshwa na kukauka, na hayapo yanayofaa juu ya chumvi. Mimi hutumia Ballistol kwa sababu inachanganyika na maji, kwa hiyo unyevu uliojificha haubaki peke yake. Kichuchu kioshwe, kikaushwe, na nyuzi zake zipakwe grisi kabla ya kurudishwa. Nyundo ifutwe kwa kitambaa chenye maji, hasa lile tundu lake linalopiga fataki, kwani moshi hurudi hapo kila mara, kisha ikaushwe na kupakwa mafuta kidogo.

Usiku wa pili ni muhimu kama usiku wa kwanza, na hapa ndipo hata waoshaji wazuri wanapozembea. Kesho, kabla ya zamu, pitisha kitambaa cheupe kikavu mpaka chini. Najua atatokea wa kusema kwamba huu ni woga wa kutu uliopita kiasi. Namkaribisha alete mtutu wake, nami nitaleta kitambaa, na kitambaa kitasema. Kikitoka cheupe au na rangi ya mafuta, paka mafuta tena, na urudie ukaguzi huo baada ya wiki. Siku ya kwenda kuwinda futa mafuta yote, kisha elekeza mdomo wa mtutu mtupu kwenye jani lililo chini, mahali salama, na upige fataki tupu: jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Na kumbuka kwamba hiyo bunduki ya fataki ni ya Oktoba, kwani majira yale ya baada ya Krismasi yanataka gumegume.

Kesho kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia, usikifunike kwa mafuta. Rudia maji na sabuni, kausha, paka, kagua tena keshokutwa, kisha andika hapa umekuta nini, na kama kahawia ile ilikuwa chini tu au mtutu mzima, ili nikuambie kama bado ni kutu ya juu inayosuguliwa au mtutu umpelekee fundi wa kuumulika.