Manati ya kulenga: mti kwanza, mpira baadaye

Kama unataka manati ya kulenga shabaha, siyo ile ya kufukuza ndege shambani, kata panda yako mwezi wa sita, mvua ya Bukavu inapokatika. Mpera unafaa sana. Mkahawa ni bora zaidi: mikahawa mizee inayong'olewa Kabare au Idjwi, karibu na Bukavu, ina mti mgumu usiobonyea. Mkaratusi uache, unapenda kupasuka ukikauka.

Chunguza pale mikono miwili inapoachana. Ukiona ganda limezama katikati, itupe hata kama umbo linapendeza, maana mikono hiyo haijashikana na siku moja itaachana mbele ya uso wako.

Acha sentimita 5 za ziada kila ncha, zipake nta ya mshumaa, kisha tundika panda kivulini. Mti hupoteza maji haraka kupitia ncha, na hapo ndipo nyufa huanzia. Ipime kila juma kwenye mizani ndogo. Uzito ukibaki uleule majuma matatu mfululizo, imekauka. Mara nyingi ni miezi miwili au mitatu. Anayeiweka juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, ili aharakishe anatengeneza kuni.

Chonga kwa kisu, kisha kwa tupa: upana wa nje sentimita 9, nafasi ya katikati 4.5, na mikono isipungue unene wa sentimita 2. Shina lifuate kiganja chako, siyo cha jirani. Msasa namba 80, halafu 120, halafu 240. Malizia kwa nta ya nyuki. Wengi hupaka mawese, lakini mawese hayakauki. Utashika kitu kinachonata mwaka mzima.

Kwenye mpira ndipo watu hukosea zaidi. Ule mweusi wa ndani ya baiskeli unadumu, ila unavutika kama mara tatu tu na kurudi kwake ni kwa uvivu. Mpira laini wa kufungia mkono wakati wa kutoa damu unafika mara tano. Basi ukivuta hadi shavuni, tuseme sentimita 75, gawa kwa 5: urefu unaofanya kazi ni 15, ongeza 3 kila upande za kufungia. Upana uwe milimita 25 kwenye panda na 18 kwenye ngozi inayoshika risasi. Kata kwa wembe mpya juu ya kioo, mkato mmoja kwa rula. Mkasi huacha vijino, na kila kijino ni mahali mpira utakapokatikia. Pande mbili zikitofautiana urefu, hata kidogo, usitafute kosa kwenye jicho lako.

Ngozi ya kiatu kikuukuu, sentimita 6 kwa 2, inatosha.

Risasi nzuri ya nyumbani ni udongo wa mfinyanzi, vidonge vya milimita 15 vilivyokaushwa kivulini: vina gramu 3 hivi na huvunjika vikigonga. Gololi ya chuma ya milimita 9.5 ina gramu 3.5, lakini ikigonga hurudi kwako. Itumie tu ukiwa na katoni lenye blanketi kuukuu linaloning'inia ndani, umesimama mita 10 kutoka kwake, na miwani machoni. Usiachie mpira mtupu: nguvu isiyobebwa na risasi inarudi kwenye vidole vyako na kuchosha mpira. Jua nalo huuharibu, kwa hiyo uhifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, umeupaka poda ya mtoto.